Nani Awe Mwamuzi Wetu?



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo linaloulizwa katika mabaraza mengi ya pwani yetu ya kusini, tangu Somanga na Kilwa Kivinje mpaka Mchinga na Lindi. Watu wanauliza: kwa nini siasa inatugawa kila siku zaidi? Waliokuwa wakila sinia moja sasa hupitana njiani pasipo salamu. Kijana hupeleka posa, na kabla hajaulizwa juu ya sala yake na kazi yake, huulizwa bendera ya baba yake. Mzee hufariki, na wako wanaohesabu nani wa chama gani amekuja kuzika na nani hakuja. Haya si mambo madogo. Tumefundishwa tangu madrasa kwamba Muislamu ana haki juu ya mwenziwe: kuitikiwa salamu yake, kuzuriwa anapougua, na kufuatwa jeneza lake. Hapana chama chochote kilichopewa ruhusa ya kuifuta haki hiyo.

Ukiuliza sababu ya mgawanyiko utapewa majibu mengi. Mmoja atasema ni vyama vingi. Hofu hiyo si ya leo, kwani Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni ya wananchi mwaka 1991, wengi walisema chama kimoja kiendelee, na baadhi yao waliogopa kwamba vyama vikizidi watu watafarakana. Hata hivyo sheria ilibadilishwa mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika mwaka 1995. Mwingine atasema ni simu za mkononi, zinazoleta habari za uongo kabla ya kweli kuvaa viatu vyake. Wa tatu atasema ni tamaa ya vyeo.

Kila jibu lina chembe ya kweli, lakini hatudhani kwamba limefika kwenye mzizi. Tofauti ya rai peke yake haivunji nyumba. Wanazuoni wakubwa wa madhehebu yetu manne walihitilafiana katika mambo mazito, na wafuasi wao wakasali safu moja. Wavuvi wa ngalawa moja hubishana wapi pa kutupa nyavu, na jioni hurudi pamoja. Basi swali la kweli ni hili: ni lini tofauti hugeuka kuwa farka? Jibu letu ni kwamba hugeuka pale watu wanapokosa mwamuzi anayeaminiwa na pande zote mbili. Mwenye kushindwa mbele ya mwamuzi mwadilifu husikitika, kisha hujipanga upya. Mwenye kushindwa mbele ya mwamuzi asiyemwamini hasemi nimeshindwa. Husema nimedhulumiwa, na maneno hayo huyarithisha kwa wanawe.

Kilwa yenyewe ilikwisha kupata somo hili zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani, akausifu uzuri wa mji na ukarimu wa sultani wake, Al-Hasan bin Sulaiman. Lakini Wareno walipotokea mwanzoni mwa karne ya 16, nyumba ya utawala ilikuwa imepasuka. Aliyeshika mji alikuwa Amiri Ibrahim, na wengi hawakukubali kwamba kiti kile ni haki yake. Hapakuwa na baraza ambalo upande wake na upande wa wapinzani wake ungelikubali hukumu yake. Mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, Ibrahim akakimbia, na Wareno wakamweka Muhammad Ankoni juu ya kiti. Haukupita muda mrefu, mwaka 1506 Ankoni akauawa. Baada yake wakashindana wengine, kila mmoja akitafuta mkono wa mgeni umwinue yeye na umwangushe ndugu yake. Wareno waliiacha ngome yao mwaka 1512, lakini utukufu wa zamani haukurudi tena kama ulivyokuwa.

Twasema mara nyingi kwamba Kilwa iliangushwa na mizinga, na ni kweli mizinga ilikuwako. Lakini mzinga hubomoa ukuta tu. Waliomfungulia mgeni mlango wa kuamua nani awe mfalme walikuwa wenyeji waliokosa njia ya kuamua wenyewe. Mtu akisimama leo kati ya magofu ya Kisiwani, na ayakumbuke haya pamoja na uzuri wa msikiti mkuu na kuba zake.

Sasa tutazame mambo ya zama zetu, yaliyo karibu na jikoni na shamba. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, katika wilaya ya Kilwa, mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kusafirishwa kwa bomba mpaka Dar es Salaam kuzalisha umeme. Baadaye ikaja habari ya bomba jingine kubwa la kutoka Mtwara. Mwezi wa Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana wakitaka kujua wao watapata nini. Januari na Mei 2013 pakatokea ghasia, mali zikachomwa, watu wakapoteza maisha, na askari wa jeshi wakapelekwa. Bomba likakamilika, likazinduliwa Oktoba 2015.

Hapa kila upande ulikuwa na hoja. Serikali ilisema rasilimali ni ya taifa zima, na hilo ni sawa, kwani hata maji ya mito ya wenzetu twayanywa kwa namna ya umeme. Wananchi walisema mwenye kukaa karibu na kisima haifai afe kwa kiu, na hilo nalo ni sawa. Hoja mbili za namna hii hazihitaji mawe wala risasi. Zahitaji watu wanaoaminiwa, mahali pa kukaa, na hesabu iliyo wazi. Mahali hapo pasipokuwapo, swali la gesi likageuzwa kuwa swali la chama. Aliyeuliza akaitwa mpinzani, na aliyenyamaza akaitwa msaliti.

Korosho nazo zilituonyesha jambo lile lile. Mpango wa stakabadhi ghalani ulianzishwa katika mikoa ya kusini mwaka 2007 ili mkulima asiuze kwa bei ya kutupwa. Nia yake ni njema. Lakini mwezi wa Aprili 2013, huko Liwale, malipo ya pili yalipokuja pungufu ya yale wakulima waliyoyatarajia, hasira ziliwaka na nyumba za baadhi ya viongozi wa siasa na wa ushirika zikachomwa moto. Kuchoma nyumba ya mtu ni dhulma, wala hatutaipamba kwa maneno. Lakini tujiulize: mkulima yule aliyekabidhi magunia yake ghalani, alikuwa na mlango gani wa kubisha na kusema, nionyesheni hesabu, aliyokuwa na yakini kwamba utafunguliwa?

Yafaa pia tukumbuke kwamba mwezi wa Juni 2018, Bunge lilipozungumza juu ya fedha za ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, wabunge wa kusini wa chama tawala na wa upinzani walisimama upande mmoja kuwatetea wakulima. Mwezi wa Novemba mwaka huo, baada ya wafanyabiashara kutoa bei ndogo, Serikali ikaamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kuzisomba. Wenye mashamba waliosubiri malipo walikuwa wa vyama vyote, kwani mkorosho haujui kadi ya mwenye shamba. Hii ni dalili kwamba maslahi yetu mengi ni mamoja, na kwamba ukuta uliopo kati yetu umejengwa na mikono ya watu.

Wala si serikali peke yake iliyo na maradhi haya, kwani vyama vya upinzani navyo vinayo. Baada ya uchaguzi wa 2015, majimbo yote mawili ya Kilwa, Kaskazini na Kusini, yalikuwa na wabunge wa Chama cha Wananchi, yaani CUF. Lakini chama hicho kiliingia katika ugomvi wa uongozi. Profesa Ibrahim Lipumba, aliyejiuzulu uenyekiti Agosti 2015, alitaka kurudi mwaka 2016. Kundi la Katibu Mkuu, Maalim Seif Sharif Hamad, likakataa. Msajili wa Vyama akamtambua Lipumba, na kesi zikaendelea mpaka Machi 2019, Mahakama Kuu ilipotoa hukumu, na Maalim Seif na wafuasi wake wakahamia ACT-Wazalendo. Wanachama wa kawaida waliokuwa wakikutana katika maskani moja wakajikuta wana maskani mbili, na ugomvi wa jirani kwa jirani ukaongezwa na ugomvi wa waliokuwa wamoja. Mwaka 2020 majimbo yote mawili yakaenda CCM. Hapa hatusemi nani alikuwa na haki. Twasema tu kwamba chama kinachodai mwamuzi mwadilifu kwa taifa, chapaswa kuwa naye kwanza nyumbani kwake.

Ndugu zetu wa visiwani walionja uchungu wa jambo hili kupita sisi. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 1995, mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Tofauti ilikuwa nyembamba kama uzi, na upande wa pili haukumwamini aliyehesabu. Matokeo yake, Pemba watu walisusiana madukani, misikitini, harusini na hata makaburini. Januari 2001 damu ikamwagika, na zaidi ya watu 2,000 wakakimbilia Kenya. Muafaka wa 1999 na wa 2001 haukutibu kidonda. Ni Novemba 2009 tu, Rais Amani Karume na Maalim Seif walipokutana uso kwa uso, ndipo njia ilipofunguka, na Julai 2010 Wazanzibari yapata theluthi mbili wakaikubali serikali ya umoja kwa kura ya maoni. Watu waliosusiana wakazikana tena. Lakini mwaka 2015 uchaguzi ulipofutwa katikati ya kuhesabu, jeraha likatoneshwa, kwani swali la mwamuzi lilikuwa halijajibiwa.

Jirani zetu wa Kenya nao walipita huko. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, upande uliosema umeibiwa ulikataa kwenda mahakamani kwa kuwa haukuziamini mahakama zile. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Ikabidi aletwe mzee kutoka nje, Kofi Annan, ndipo mapatano yakatiwa sahihi Februari 2008. Kisha Wakenya wakaandika katiba mpya mwaka 2010 na kuunda Mahakama ya Juu. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani. Mambo hayakumalizika yote, na bado wana fitina zao. Lakini tangu hapo mwenye malalamiko amekuwa na mlango wa kubisha.

Kwetu Tanzania mlango huo umefungwa kwa maandishi. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 41, yasema kwamba Tume ikishatangaza mtu kuwa Rais, hapana mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha iliamua kwamba sharti hilo laondoa haki ya raia ya kusikilizwa. Tume ya Uchaguzi nayo iliongezewa neno Huru katika jina lake kwa sheria ya mwaka 2024, lakini wajumbe wake huteuliwa na Rais, naye Rais aweza kuwa mmoja wa wagombea. Hatuwatuhumu wajumbe hao, kwani huenda mtu akawa mwadilifu kabisa. Lakini kadhi hahukumu kesi ya ndugu yake, hata akiwa mchamungu, kwa sababu uadilifu wahitaji kuonekana na yule atakayeshindwa.

Tarehe 29 Oktoba 2025 tuliona matunda ya mambo haya. Chama kikuu cha upinzani hakikuwamo katika uchaguzi na kiongozi wake alikuwa gerezani. Vijana wakaingia barabarani, watu wakauawa, mali zikateketezwa, intaneti ikakatwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Novemba mwaka huo iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu, Mohamed Chande Othman. Mama aliyempoteza mwanawe hana haja ya kuulizwa kwanza mwanawe alikuwa wa chama gani. Ana haki ya kupewa rambirambi, na ana haki ya kupewa jawabu.

Ndugu msomaji, dini yetu haikutuacha bila mfano. Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) aliwakuta Makureshi wakiijenga upya Al-Kaaba. Walipofika mahali pa kuliweka Jiwe Jeusi, kila ukoo ulitaka heshima ile iwe yake, na walikaribia kuchinjana. Wakakubaliana kwamba mtu wa kwanza atakayeingia awe mwamuzi. Akaingia yeye, wakafurahi wote, kwani walimjua kwa jina la Al-Amin. Akataka kitambaa, akaliweka jiwe juu yake, akawaambia wakuu wa koo washike pembe na kuinua pamoja. Kisha akaliweka kwa mkono wake mwenyewe.

Tazama hekima iliyomo. Kwanza, walikubali njia ya kuamua kabla ya kujua nani ataamua, wala hawakungoja kuona nani anashinda ndipo watunge kanuni. Pili, mwamuzi alikuwa ameaminiwa tangu zamani kwa amana alizozirudisha, hakujitangaza mwadilifu siku ile ya ugomvi. Tatu, hukumu yake haikumwacha mtu mikono mitupu, kila ukoo ulishika pindo la kitambaa. Gesi, korosho, bandari na kura ni mawe yetu. Tukiyabeba kwa kitambaa, hatutagombana nani aliyeyainua.

Basi tufanye nini majumbani mwetu, wakati mambo makubwa yakingoja wakubwa?

Tuanze kwa ndoa. Qurani Tukufu, katika Suratun Nisaa, yatuamrisha kwamba tukiogopa mfarakano wa mume na mke, tuteue mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke. Haikusema ateuliwe mmoja tu kutoka upande wenye nguvu. Baba na mama watakaozoea kusuluhisha namna hii watalea watoto wanaojua haki ina sura gani. Na mtoto aliyeona nyumbani kwamba mwenye sauti kubwa ndiye mwenye haki, akiwa mkubwa ataipeleka ada hiyo katika chama na katika serikali.

Pili, tuwe na mahali ambapo bendera haziingii. Msikiti, madrasa, harusi, hitima na makaburi ni mali ya wote. Imamu akiwa na rai yake ya siasa, hiyo ni haki yake kama raia, lakini mimbari si yake peke yake. Na mwenye kumsusia maiti wa chama kingine, akumbuke kwamba maiti amekwisha kutoka katika vyama vyote.

Tatu, vijana wetu, simu iliyo mkononi mwenu ni ulimi. Suratul Hujurat yatufundisha kuihakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Sura hiyo hiyo yatuamrisha kuyapatanisha makundi mawili yanayopigana, na kuyapatanisha kwa uadilifu. Mambo haya mawili yamewekwa katika sura moja, nasi haifai tuyatenganishe.

Nne, tuache kuliita kila swali fitina. Mwanachama wa ushirika anayeomba kuona daftari la hesabu, mkulima wa ufuta anayeuliza kwa nini kilo zimepungua katika mzani, mwanakijiji anayeuliza fedha za gesi zilizofika halmashauri zimejenga nini, hao hawatugawi. Wanaotugawa ni wale wanaowanyima jibu. Wako wanaotuhubiria umoja wakiwa na maana ya kunyamaza, na mwenye kunyamaza kwa hofu hajakubali bado. Anangoja siku yake. Na yule anayedai haki naye asitukane wala asichome, kwani mwenye kudai mwamuzi hawezi kujifanya hakimu na askari kwa pamoja.

Viongozi wetu, wa chama kinachotawala na wa vyama vinavyotaka kutawala, twawaomba jambo moja. Kubalianeni juu ya mwamuzi mapema, ilhali hapana anayejua nani atashinda. Mwenye nguvu leo asione kwamba hamhitaji mwamuzi, kwani Amiri Ibrahim naye alikuwa na nguvu, mpaka asubuhi ile ya Julai 1505 zilipoonekana tanga za merikebu.

Mwenyezi Mungu azipatanishe nyoyo zetu, awarehemu waliokufa katika fitina hizi, awape subira waliobaki, na atujaalie kuwa mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Amin.